Manifoldi ya ekzosi uliyoichomelea mwenyewe: dalili, vyanzo na marekebisho

Manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, ikiundwa nyumbani huonyesha hitilafu zake kwa namna chache tu: inavuja, inapasuka, inakataa kukaa kwenye injini, au inaunguza vitu vilivyo jirani nayo. Vyanzo vya hitilafu hizo, hata hivyo, ni vingi, na sehemu kubwa ya vyanzo hivyo haimo ndani ya mshono wenyewe. Fundi anayeuona ufa na kuukimbilia kwa mashine ya kuchomelea mara nyingi huishia kuuhamishia mahali pengine, kwa sababu ufa huonyesha mahali ambapo chuma kilitaka kujongea kikazuiwa. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo, na mashine inawashwa mwisho.

Maelezo yanayofuata yanahusu injini ya petroli yenye silinda nne katika mstari mmoja na silinda hedi ya alumini, ikiwa ndani ya gari dogo jepesi la kuunganisha mwenyewe, la mtindo ulioanzishwa na Lotus Seven ya Colin Chapman mwaka 1957. Katika magari mengi ya mtindo huo, matawi manne ya moshi hutoka ubavuni mwa injini, huungana kwenye kolekta (shingo inayoyakusanya kuwa bomba moja), kisha sailensa hulala nje ya bodi. Umbo hilo ni zuri machoni, lakini ndilo linalozaa nusu ya matatizo yatakayotajwa hapa.

Tahadhari ambazo haziahirishwi

Bomba lililopakwa zinki lisitumike kabisa. Zinki huchemka ifikapo nyuzi joto 907 za Selsiasi, muda mrefu kabla ya chuma kuyeyuka, na mvuke wake humletea mchomeleaji homa na kichefuchefu, mbali na kuujaza mshono vitundu. Kisafishio cha breki chenye klorini nacho kisiguse chuma kitakachochomelewa, kwa kuwa mabaki yake yakikutana na joto na mwanga mkali wa tao la umeme yanaweza kuzalisha fosijeni, gesi ile ile iliyotumiwa kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tumia asetoni, uiache ikauke kabisa, na chupa yake uiweke mbali. Moshi wa kuchomelea chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, hubeba kromiamu ya aina inayosababisha saratani, hivyo fanya kazi mahali penye hewa na uvae barakoa ya kuchuja. Argoni ni nzito kuliko hewa, na ndani ya shimo la gereji inaweza kumnyima mtu pumzi bila kutoa harufu yoyote.

Ukishikiza matawi kwa nukta, yaani vishono vidogo vya kushikilia kwa muda, manifoldi ikiwa bado kwenye gari, tenganisha betri, chomoa kompyuta ya injini, na klampu ya ardhi ifungwe kwenye manifoldi yenyewe, karibu kabisa na mahali unapochomelea, ili umeme usijitafutie njia kupitia beringi za injini.

Mlio wa tik-tik unaopotea injini ikipata moto

Dalili hii ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, na karibu kila mara inatoka kwenye flanji, lile bamba la chuma ambalo manifoldi hufungwa nalo kwenye silinda hedi. Injini ikiwa baridi, kuna upenyo mwembamba ambao moshi unatokea kwa vishindo vifupi. Chuma kikipata joto kinatanuka, upenyo unajifunga, na mlio unakoma. Mlio unaozidi kadiri injini inavyopata moto ni habari nyingine: huo ni wa ufa, ambao joto huupanua badala ya kuuziba.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mahali penyewe. Sikio peke yake hudanganya, kwa kuwa sauti husafiri ndani ya chuma na mvujo wa silinda ya kwanza huweza kusikika kama uko kwenye kolekta. Njia ninayoiamini ni kuzima injini, kuiacha ipoe, kisha kuingiza hewa kupitia mwisho wa ekzosi kwa mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ipulize, huku kitambaa kikiziba nafasi iliyobaki. Paka maji mazito ya sabuni kwenye gasketi zote na kwenye kila mshono kwa brashi, uzunguke polepole. Povu linalochipuka na kukua mahali pamoja ndilo jibu. Kompresa ya gereji haifai bila kupunguzwa sana, kwa sababu shinikizo kubwa hupeperusha sabuni kabla povu halijajitengeneza. Ikiwa gari limeshatembea, kazi ni rahisi zaidi: mvujo huacha alama ya masizi meusi iliyotawanyika kama upepeo kuanzia kwenye upenyo.

Angalia sasa ni silinda zipi zinazovuja. Kama ni ya kwanza na ya nne, ilhali ya pili na ya tatu ni kavu, flanji imepinda, na imepinda kwa namna inayotabirika. Mshono wa upande wa mabomba unapopoa husinyaa, na kusinyaa huko huzivuta ncha mbili za flanji kuelekea upande wa mabomba, hivyo katikati hubana kwenye injini na ncha huinuka. Fungua manifoldi, ondoa mabaki ya gasketi, simamisha rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa flanji kwa urefu wake wote, na upeleke geji ya nafasi (vibati vyembamba vya unene unaojulikana) chini ya rula. Kwa gasketi ya matabaka ya chuma mimi sikubali zaidi ya milimita 0.1, gasketi laini zaidi inaweza kusamehe karibu mara mbili ya hapo. Fundi anayejaribu kuishinda nafasi ya milimita moja kwa kukaza nati hujiandalia hesi zilizong'oka ndani ya alumini.

Upindaji mdogo huondolewa kwa kusaga uso wa flanji kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha, au kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo kinene kilicho bapa, kazi ambayo ni ya kuchosha lakini inawezekana. Upindaji mkubwa ukisagwa unaacha flanji nyembamba kwenye sehemu moja na nene kwenye nyingine, kwa hiyo ni afadhali flanji ifungwe kwenye bamba zito la chuma, ipashwe joto hadi iwe nyekundu hafifu kwenye migongo kati ya mabomba, na iachwe ipoe taratibu ikiwa bado imefungwa. Suluhisho ninalolipenda kuliko yote ni kuikata flanji kwa msumeno kati ya silinda na silinda baada ya kuchomelea, ili kila tawi libaki na kipande chake kifupi. Kipande kifupi hakina urefu wa kutosha kupinda. Kwanza, hata hivyo, hakikisha kila tundu la moshi lina boliti zake lenyewe. Kwenye injini nyingine boliti moja hubana matawi mawili, na hapo msumeno haufai.

Kwa manifoldi ijayo, kinga ni hii. Flanji iwe na unene wa milimita 8 hadi 10, hata kama mabomba yana ukuta wa milimita 1.5 au 2 tu. Ifungwe kwa boliti zote kwenye silinda hedi chakavu au kwenye bamba la unene wa milimita 20 au zaidi. Kila bomba lichomelewe robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, kwa kuruka kutoka tawi la kwanza hadi la nne, kisha la pili, kisha la tatu, na kurudi. Baada ya mshono wa mwisho usifungue hadi chuma kiweze kushikwa kwa mkono mtupu, na usimwagie maji. Silinda hedi nzima ya gari lako isigeuzwe kuwa meza ya kuchomelea. Nukta za kushikiza inazivumilia, mishono kamili haistahili kuipata.

Ikiwa flanji imenyooka na bado inavuja, chunguza mambo madogo. Mara nyingi mshono wa ndani ya tundu umejitokeza juu ya uso wa flanji kwa unene wa ukucha, ukaiinua gasketi. Pengine boliti ni ndefu na inagota mwisho wa shimo kabla haijabana, nawe unaihisi kwa spana kama vile imekaza. Pengine nati inaegemea ubavu wa bomba au ukingo wa mshono, hivyo inakaa upande na kubana kwa kona moja. Jambo hili la mwisho hujificha vizuri: paka rangi au wino chini ya nati, kaza, fungua, uone wino umefutika mzunguko mzima au upande mmoja tu.

Povu linalochipuka katikati ya mshono

Povu likitokea juu ya mshono wenyewe na si kando yake, mshono una vitundu. Vitundu hutokana na gesi iliyonaswa wakati chuma kinaganda, na swali ni gesi hiyo ilitoka wapi. Mafuta, rangi, kutu na lile gamba jeusi la kiwandani huungua na kutoa gesi. Chuma kinapaswa kusuguliwa hadi kung'aa kwa sentimita mbili kila upande wa kiungo, ndani na nje. Wengi husafisha nje tu. Upepo wa feni au mlango ulio wazi hupeperusha gesi ya kukinga, na hali kadhalika mtiririko uliozidishwa, kwa sababu gesi inayotoka kwa kasi huvurugika na kuvuta hewa. Kwa tochi ya TIG (ile yenye ncha ya tungsteni, fimbo ya kujazia ikiongezwa kwa mkono), lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha kazi hii.

Wanaotumia MIG, mashine inayosukuma waya yenyewe, wana chanzo kimoja zaidi, ambacho ni rahisi kukisahau: waya mtupu unaokingwa kwa gesi huhitaji tochi iwe upande chanya, ilhali aina nyingi za waya wenye unga ndani, usiohitaji gesi, huhitaji tochi iwe upande hasi. Ukibadilisha waya bila kubadilisha nyaya ndani ya mashine, utapata mshono uliovimba, cheche nyingi na vitundu, na utalaumu chuma bure.

Kuna kitundu cha aina ya pekee kinachotokea mwisho kabisa wa mzunguko, sentimita moja kabla ya kufunga, na kila ukikijaza kinapuliza chuma nje. Hapo tatizo ni hewa iliyofungiwa. Ikiwa ncha zote za bomba zimezibwa, hewa ya ndani hupanuka kwa joto na kutafuta pa kutokea, na mlango pekee uliobaki ni ule unaojaribu kuuziba. Acha ncha moja wazi, au toboa tundu dogo mahali ambapo sensa ya oksijeni itakaa baadaye.

Marekebisho ya vitundu ni kusaga hadi kwenye chuma kizima, si kurundika mshono mpya juu ya ule mbovu. Chuma kipya huyeyusha kile kilichooza chini yake, na gesi hupanda tena. Aliyechomelea kwa elektrodi za kawaida aangalie pia gamba lililonaswa pale aliposimama na kuanza tena. Kila kuanza upya kunahitaji gamba liondolewe kwa nyundo na brashi ya waya.

Uso wa ndani uliofanya punje nyeusi

Hitilafu hii ni ya stenlesi, na haionekani mpaka uchungulie ndani ya bomba kwa tochi: nyuma ya mshono unaong'aa kuna ukoko mweusi unaokwaruza kama sukari iliyoungua. Upande wa nje ulikingwa na argoni, wa ndani uliachiwa hewa, na kromiamu ikaungua kwa oksijeni. Ukoko huo hupunguza unene wa chuma kizima kilichobaki, una vipenyo vya kuanzishia ufa, na vipande vyake vinaweza kumeguka. Kwenye injini yenye turbo, vipande hivyo vinaelekea moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo.

Hakuna dawa ya kupaka juu yake. Kata kiungo hicho, safisha, na urudie huku argoni ikijaza bomba kwa ndani. Ziba ncha moja kwa karatasi ya alumini na utepe, toboa tundu dogo la kutokea hewa upande wa juu, ingiza argoni upande wa chini kwa mtiririko mdogo, na usubiri hadi hewa ya ndani iwe imebadilishwa mara kadhaa kabla ya kuwasha tao. Rangi ya mshono kwa ndani itakuambia kama umefaulu: dhahabu nyepesi ni nzuri, buluu inavumilika, kijivu na nyeusi vinaashiria hewa. Mtu asiye na argoni ya pili wala mgawanyiko wa mrija ana chaguo la heshima kabisa, nalo ni kuunda manifoldi kwa chuma laini, yaani chuma cha kawaida kisicho stenlesi, ambacho hakina ugonjwa huu. Kwa kazi ya kwanza ya mtu, mimi ningemshauri chuma laini bila kusita.

Ndani ya bomba hilo hilo tafuta pia vidonda vya MIG: matone ya waya yaliyopenya na kuganda yakiwa yamening'inia. Kwenye ukuta wa milimita 1.5, waya wa milimita 0.8 na mkono usiositasita hupunguza tatizo hilo. Matone yanayofikiwa huondolewa kwa jiwe dogo la kusagia. Mwenye TIG aanze karibu ampea 40 kwa kila milimita ya unene, apunguze bomba likianza kulegea.

Nyufa

Ukipata ufa, kabla ya kitu kingine chochote tazama umekaa wapi na unaelekea upande gani.

Ufa mdogo wenye umbo la nyota, uliokaa kwenye kishimo mwishoni mwa mshono, ni kosa la mkono. Tao lilizimwa ghafla, dimbwi la chuma likasinyaa likiwa halina chuma cha kutosha, na kikapasuka katikati. Saga kishimo hicho, jaza, na safari hii punguza mkondo polepole kwa pedali au kwa kitufe huku ukiongeza tone la mwisho la fimbo kabla ya kuzima.

Ufa unaofuata ukingo wa mshono kwenye flanji una maelezo mawili, na lazima uyatofautishe. La kwanza ni madini yasiyopatana. Bomba la stenlesi lililochomelewa kwenye flanji ya chuma laini linahitaji fimbo ya aina ya 309L, yenye kromiamu na nikeli ya ziada, ili mchanganyiko unaopatikana baada ya kuyeyuka usiwe mgumu na mwepesi kukatika. Fimbo ya 308L ni ya kuunga stenlesi ya daraja la 304 kwa nyingine kama hiyo, na ER70S-6 ni ya chuma laini kwa chuma laini; kuitumia hiyo ya mwisho kwenye stenlesi ni kuuagiza ufa. Aliyenunua fimbo zisizo na alama na asiyejua ni zipi hana njia ya kuendelea zaidi ya kununua nyingine.

La pili ni mwendo uliozuiwa, na hapa hesabu husaidia kuliko maneno. Tawi la chuma laini lenye urefu wa milimita 500, likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 620, hurefuka kwa karibu milimita 4. La stenlesi ya 304 hurefuka kwa zaidi ya milimita 5. Matawi manne hayapati joto sawa wala hayana mikunjo sawa, kwa hiyo kila moja linasukuma kwa kiasi chake. Ikiwa yote yameungwa bila nafasi kwenye flanji moja ndefu upande mmoja na kwenye kolekta iliyochomelewa upande wa pili, nguvu hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye ukingo wa mshono ulio dhaifu kuliko mingine, ambao kwa kawaida ni wa tawi fupi na lililonyooka. Tawi lenye mkunjo hupinda kidogo na kujiokoa, lililonyooka halipindi.

Flanji nayo ina mwendo wake. Chukua silinda hedi ya alumini yenye urefu wa milimita 400 inayopata nyuzi 90, na flanji ya chuma inayofikia nyuzi 300: ijapokuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kila nyuzi, flanji itakuwa imerefuka kwa zaidi ya nusu milimita kuishinda hedi, kwa sababu ina joto zaidi. Kama matundu ya boliti za ncha ni ya kubana, boliti hizo zinakatwa ubavuni kila gari linapowashwa. Yapanue matundu ya nje kwa tupa kuelekea urefu wa flanji, milimita moja hadi mbili, na uyaache ya katikati jinsi yalivyo, ili katikati pawe nanga na ncha ziwe huru kuteleza.

Dawa ya matawi yanayosukumana ni kiungo cha kutelezesha kwenye kolekta: kila tawi linaingia ndani ya shingo ya kolekta kwa sentimita nne au tano bila kuchomelewa, na springi mbili zinaizuia kolekta isitoke. Kiungo hicho kitavuja kidogo kikiwa baridi, jambo ambalo si la kusumbukia.

Ufa wa tatu kwa mahali pake ni ule wa kwenye kolekta, pale mabomba manne yanapokutana na kubaki kitobo cha umbo la almasi katikati. Wengi hukiziba kwa kumwaga chuma kingi, na rundo hilo nene lililozungukwa na kuta nyembamba hupata joto na kupoa kwa kasi tofauti na jirani zake. Kata kipande kidogo cha bati chenye umbo la kitobo, au piramidi fupi, ukichomelee kwa mshono mwembamba.

Ufa wa nne ndio wa magari haya hasa. Unakata bomba mzunguko mzima, karibu na flanji, mara nyingi kwenye tawi la kwanza au la nne, na ukiuchomelea unarudi baada ya muda mfupi sentimita chache pembeni. Mwambie mtu mwingine akanyage mafuta ghafla huku wewe ukitazama injini: inajiinua upande mmoja juu ya mipira yake. Sasa tazama sailensa. Ikiwa imefungwa kwa chuma kwa chuma kwenye chasi au kwenye ubavu wa bodi, basi kila injini inapotikisika manifoldi inageuzwa kuwa wenzo unaobeba mvutano kati ya kitu kinachocheza na kitu kisichocheza. Hakuna mshono, hata wa bingwa, utakaodumu hapo. Weka kipande cha bomba linalonyumbulika baada ya kolekta, sailensa itundikwe kwa mipira, na kolekta ishikiliwe kwa mkono wa chuma unaotoka kwenye injini au gia boksi, si kwenye chasi. Shika mwisho wa ekzosi kwa mkono, gari likiwa baridi, uutikise: unapaswa kusogea kidogo na kurudi bila kugonga kitu.

Baada ya chanzo kuondolewa, ndipo ufa unarekebishwa. Tafuta ncha zake halisi kwa kimiminika chekundu cha kupenya na unga wake mweupe, kwa sababu ufa huwa mrefu kuliko jicho linavyouona, toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ili usiendelee kukimbia, fungua mfereji wenye umbo la V hadi karibu na ukuta wa ndani, kisha uchomelee. Bomba lililoliwa na kutu hadi kuwa jembamba lisirekebishwe. Likatwe.

Manifoldi haiingii tena kwenye boliti

Ilikaa vizuri ikiwa na nukta, na baada ya mishono kamili matundu yamepishana na boliti kwa milimita kadhaa. Nukta zilikuwa chache au ndogo, na mishono ya upande mmoja ilivuta. Kila bomba linahitaji angalau nukta tatu zilizogawanyika sawa kwenye mzunguko, na nafasi kati ya bomba na bomba isizidi unene wa ukuta. Kwa TIG mabomba yagusane kabisa. Nafasi pana iliyojazwa chuma husinyaa zaidi na kuvuta zaidi. Kupanua matundu kunaponya kosa la milimita moja. Zaidi ya hapo kata tawi moja katikati ya urefu wake, funga vipande viwili kwenye injini, shikiza upya, umalizie mezani.

Injini inakwenda vibaya ilhali mishono ni mizima

Mvujo ulio kabla ya sensa ya oksijeni haupeleki moshi nje tu, bali katikati ya vishindo huvuta hewa ndani. Sensa huiona oksijeni hiyo, kompyuta hudhani mchanganyiko una mafuta machache, na huongeza petroli isiyohitajika. Plagi zikiwa nyeusi huku kifaa cha kusomea kikidai mafuta ni machache, rudi kwenye maji ya sabuni kabla ya kununua sensa. Milipuko midogo unapoachia mafuta nayo mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye kiungo.

Kibweta cha sensa chenye hesi za M18 kwa 1.5 huharibika kwa joto la kuchomelea. Kifunge sensa mbovu ya zamani ndani yake unapochomelea, usitumie nzima. Kielekeze ili sensa iwe imeinama angalau nyuzi 10 juu ya ulalo, maji ya mvuke yatiririke mbali nayo. Sensa inayotazama chini hunyweshwa maji kila asubuhi na kupasuka kauri yake.

Injini inayokosa nguvu katika mizunguko ya kati, ikiwa manifoldi ni ya matawi manne kuungana mawili kisha moja, ipimwe kwa mpangilio wake. Kwa mfuatano wa kuwaka wa 1-3-4-2, tawi la kwanza huunganishwa na la nne, na la pili na la tatu. Aliyeunganisha majirani kwa sababu mabomba yalipita kwa urahisi amefanya vishindo viwili vifuatane katika bomba moja.

Joto linaloharibu majirani

Pedali ya breki inayozama baada ya mwendo mkali, stata inayokataa kuzunguka injini ikiwa moto, na bodi ya faiba inayobadilika rangi zote zina chanzo kimoja: tawi limepita karibu mno. Mafuta mapya ya breki ya DOT 4 huchemka kuanzia nyuzi 230, na yaliyokwisha kunyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155, ilhali moshi wa petroli injini ikilemewa hupita nyuzi 800. Pima nafasi injini ikiwa imeegemezwa upande wa mtikisiko wake, si ikiwa imetulia, hasa kwenye shafti ya usukani. Pasipo na nafasi weka ngao ya bati la alumini yenye pengo la hewa pande zote mbili. Ngao iliyobandikwa moja kwa moja juu ya kitu inachokilinda hukipitishia joto lile lile.

Utepe wa kuzungushia mabomba hupunguza joto linalotoka, lakini hulizuia ndani ya chuma na kushika maji baada ya mvua, hivyo chuma laini kilichofungwa utepe huliwa na kutu bila kuonekana, na ufa uliojificha chini yake hausomeki kwa sabuni wala kwa masizi. Manifoldi mpya iachwe wazi mpaka iwe imepata moto na kupoa mara kadhaa, nati zikazwe tena injini ikiwa baridi kuanzia katikati kuelekea ncha, na mishono yote ikaguliwe kwa sabuni. Ikipita hapo bila povu, utepe unaweza kufungwa.